Mwanangu Amepata wa Kukimbia Nao

(Muziki wa kufungulia kipindi)

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kama una kazi ya mikono, unachambua mboga au unakunja nguo, endelea tu, bora sikio liwe hapa.

Katika kipindi hiki tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, maziwa ya mama, malaria na uji wa wimbi. Leo tutazungumza juu ya michezo na mazoezi ya mwili, lakini kwa njia ambayo huenda hamjaizoea. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Siku moja, kliniki ya watoto ikiwa imekwisha na akina mama wameondoka, mama mmoja alibaki ameketi kwenye benchi. Hakuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa amekuja kupimwa presha. Nilimpima, nikakuta imepanda sana. Nikamwuliza kama anatumia dawa zake. Akasema anatumia. Nikamwuliza kama analala. Akanyamaza. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha.

Ilikuwa picha ya vijana kama ishirini hivi, wanaume kwa wanawake, wamesimama kando ya ziwa dogo wamevaa nguo za kukimbilia. Wote walikuwa wakicheka. Mmoja alishika bendera yenye rangi za upinde wa mvua. Mama akaweka kidole juu ya kijana mrefu aliye katikati, akasema, "Sista, huyu ndiye kifungua mimba wangu. Yuko Marekani, karibu na mji wa San Francisco. Ameniandikia kwamba amepata watu wa kukimbia nao kila Jumamosi. Halafu akaniambia hao ni watu gani, na yeye ni mtu gani. Tangu siku hiyo ni miezi minne. Sijapokea simu yake hata moja."

Wasikilizaji, mama huyo ameniruhusu niwaeleze habari hii bila kumtaja jina wala mahali anakokaa. Alisema kama yeye alilia peke yake miezi minne, huenda kuna mwingine analia sasa hivi akisikiliza redio.

Aliniuliza maswali matatu. La kwanza: Je, mwanangu ni mgonjwa? La pili: Hicho kilabu ni kitu gani, na ndicho kilichomharibu? La tatu: Nifanye nini? Nitayajibu moja baada ya jingine, kama nilivyomjibu yeye. Na niseme ukweli, siku ile sikuwa na majibu yote. Nilimwambia arudi baada ya juma moja, nami nikaenda kusoma.

(Muziki kidogo)

Swali la kwanza: Je, ni ugonjwa?

Jibu fupi ni hapana. Kuna watu, wanaume kwa wanawake, ambao moyo wao huvutiwa na wenzao wa jinsia moja. Wapo katika kila nchi na kila kabila. Wapo pia watu waliozaliwa wakaitwa wavulana, lakini wao wenyewe wanajijua kuwa wasichana, au kinyume chake. Zamani madaktari waliandika mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa ya akili. Mwaka wa 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyaondoa katika orodha yake. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani nalo likayaondoa katika orodha ya magonjwa inayotumiwa ulimwenguni kote.

Maana yake kwetu sisi wauguzi ni hii: hakuna sindano ya jambo hili, wala kidonge, wala mzizi. Anayekuambia alete shilingi elfu kumi amponye mtoto wako, anataka hizo elfu kumi. Na kumfungia kijana ndani, kumchapa, au kumnyima chakula ili "abadilike", hakumbadilishi. Humjeruhi tu.

Najua wengi wetu ni watu wa dini, na mimi mwenyewe Jumapili hunikosi kanisani. Sikuja kuwaondoa katika imani yenu. Nimekuja kuwaambia yale tunayoyajua kuhusu afya.

Swali la pili: Kilabu hicho ni kitu gani?

Mama yule alidhani kilabu ni mahali pa pombe na giza. Neno "kilabu" kwetu lina sifa mbaya kidogo, sivyo? Basi nikamweleza habari ya mji huo wa San Francisco.

San Francisco ni mji wa pwani ya magharibi ya Marekani. Una milima mingi ya kupanda na kushuka, na ukungu mzito hutoka baharini hata wakati wa kiangazi. Ndani yake kuna bustani kubwa ya umma iitwayo Golden Gate Park, yenye zaidi ya hekta 400 za miti, nyasi, maziwa madogo na njia za kutembea. Wale wa Nairobi wafikirie Msitu wa Karura, ila huu uko katikati ya nyumba za watu na unafika mpaka ufukoni.

Mwaka wa 1974 watu wachache wa mji huo waliovutiwa na jinsia yao walianza kukimbia pamoja. Baadaye wakajiita FrontRunners, jina lililotokana na riwaya ya mwandishi Patricia Nell Warren iliyotoka mwaka huo huo wa 1974, inayomhusu mkimbiaji na mwalimu wake. Kikundi hicho kidogo kiliota mizizi. Leo vilabu vyenye jina hilo ni zaidi ya mia moja katika nchi mbalimbali. Kwa miaka mingi kile cha San Francisco kimekutana Jumamosi asubuhi kando ya ziwa moja ndani ya Golden Gate Park, ziwa lililoitwa Stow Lake hadi mwaka wa 2024 lilipopewa jina la Blue Heron Lake. Anayeweza kukimbia hukimbia, anayetembea hutembea. Wakimaliza huketi wakanywa kahawa.

Si kukimbia peke yake. Kuna kilabu cha waendesha baiskeli kiitwacho Different Spokes, kilichoanza mwaka wa 1982. Kuna timu ya raga iitwayo San Francisco Fog, maana yake ukungu, iliyoanza mwaka wa 2000. Kuna vikundi vya kuogelea, vya mpira wa miguu, na vya kupanda milima iliyo ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Vingi vya vikundi hivi havimfukuzi mtu. Hata asiye wa kundi hilo, mradi aje kwa heshima, hucheza.

Hapo mama aliniuliza swali ambalo huenda nawe unalo. "Sista, kwani hawawezi kukimbia na watu wengine? Barabara si ya wote?"

Ni swali zuri. Barabara ni ya wote, lakini chumba cha kubadilishia nguo si cha wote. Fikiria mvulana anayeitwa majina kila anaposhika mpira. Fikiria msichana anayeambiwa anarusha teke kama mwanamume, kisha wenzake wanakataa kuoga naye. Mtoto huyo hafukuzwi na mwalimu. Hujiondoa mwenyewe polepole. Leo anasema mguu unauma, kesho amesahau viatu, mwezi ujao hatoki nyumbani. Vilabu hivi vilianzishwa na watu wazima ambao wengi wao walikuwa watoto wa aina hiyo. Walitaka mahali pa kutoa jasho bila kuangalia nyuma.

Alikuwepo daktari mmoja huko San Francisco aliyeitwa Tom Waddell. Alikuwa mwanamichezo hodari. Katika Olimpiki za Mexico mwaka wa 1968 alimaliza wa sita katika mashindano ya michezo kumi, yale ya kukimbia, kuruka na kutupa yanayochukua siku mbili. Daktari huyu alivutiwa na wanaume. Aliona watu kama yeye hawana uwanja wao, akakusanya wenzake, na tarehe 28 Agosti 1982 wakafungua Gay Games za kwanza katika uwanja wa Kezar, pale pembeni mwa Golden Gate Park. Walikuja wanamichezo wapatao 1,350. Sheria yake ilikuwa rahisi: kila mtu anaruhusiwa, mzee kwa kijana, hodari kwa dhaifu. Hukuhitaji kufikia kiwango fulani. Ulihitaji kujitahidi kupita ulivyokuwa jana.

Kwanza walitaka kuyaita Olimpiki, lakini Kamati ya Olimpiki ya Marekani ikawashtaki, na muda mfupi kabla ya kufungua, mahakama ikawazuia kutumia neno hilo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nao wakashindwa mwezi Juni mwaka wa 1987. Lakini michezo yenyewe haikufa. Imeendelea kila baada ya miaka minne hivi, na mwaka wa 2023 ilifanyika katika miji miwili, Hong Kong na Guadalajara ya Mexico.

(Muziki kidogo)

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mama yule aliogopa kulitaja. Aliinamisha kichwa akauliza kwa sauti ndogo, "Na Ukimwi?"

Sitawaficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. San Francisco ni mji uliopigwa vibaya na Ukimwi katika miaka ya 1980. Daktari Waddell mwenyewe aliupata. Mwaka wa 1986, akiwa tayari mgonjwa, alirusha mkuki katika Gay Games za pili akashinda dhahabu. Alifariki tarehe 11 Julai 1987 akiwa na umri wa miaka 49, akaacha binti mdogo.

Lakini mama, hiyo ilikuwa 1987. Sisi wenyewe tunajua habari ya wakati ule, maana hapa kwetu pia tulizika. Virusi havichagui nani anampenda nani. Huku kwetu vimewaambukiza mabibi na mabwana walioolewa kanisani na msikitini. Leo kuna dawa. Mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku, mpaka virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na asiye na virusi anaweza kumeza dawa ya kumkinga kabla ya hatari. Dawa hizo zipo Marekani na zipo hapa Kenya.

Linaloamua ni kama kijana ana mahali pa kuuliza bila kuona aibu. Na vilabu vya michezo vilisaidia hapo. Kwa miaka mingi, kuanzia 2002 hadi Juni 2025, maelfu ya watu waliendesha baiskeli kutoka San Francisco hadi Los Angeles kwa siku saba, mwendo wa karibu kilomita 880, wakichangisha pesa za kutibu na kuzuia Ukimwi. Kijana aliye kati ya watu kama hao yuko mahali salama kuliko kijana aliye peke yake chumbani.

Swali la tatu: Nifanye nini?

Hapa ndipo nataka mama msikilizaji uweke mwiko chini kidogo.

Huko huko San Francisco, watafiti wa Chuo Kikuu cha San Francisco State, wakiongozwa na Dkt. Caitlin Ryan, waliwauliza vijana 224 wa umri wa miaka 21 hadi 25, wote wakiwa ni wa kundi hili tunalozungumzia. Waliwauliza jinsi familia zao zilivyowatendea walipokuwa wadogo. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2009. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Walikuwa na uwezekano karibu mara 6 wa kuwa na huzuni kubwa ya moyo, na zaidi ya mara 3 wa kutumia dawa za kulevya. Hata ngono isiyo na kinga ilikuwa zaidi ya mara 3.

Rudia hayo moyoni. Mara nane. Katika kazi yangu nimefundishwa kuogopa nambari kama hiyo. Mtoto akiharisha, sisi hukimbia kumpa maji ya chumvi na sukari kwa sababu tunajua kinachoua ni kukauka maji. Basi huyu naye, kinachomkausha ni mlango wa nyumbani kufungwa.

Nilipomwambia mama yule hayo, alilia. Akaniambia, "Sista, nilidhani nikinyamaza atajua nimekasirika, aache." Nikamwambia, "Amejua umekasirika. Lakini hajaacha kuwa alivyo. Ameacha tu kuwa na mama."

Nilisema maneno hayo kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilimwomba msamaha. Akasema hapana, acha yakae.

Basi nikampa hatua hizi, nami nawapa ninyi.

Kwanza, pokea simu. Huhitaji kukubaliana na kila kitu siku ya kwanza. Mwulize habari ya kazi, habari ya baridi, kama amekula.

Pili, usimtukane. Tunayo maneno mengi makali ya watu hawa, na yote mtoto ameshayasikia barabarani. Asiyasikie kwa mama.

Tatu, usimtangaze. Siri aliyokupa ni yake. Usiipeleke kwa wazee wa ukoo wala kwa chama cha akina mama kabla hajakuruhusu.

Nne, mwulize juu ya mambo yanayomfurahisha. Kama ni mbio, mwulize alikimbia kilomita ngapi. Sisi ni taifa la wakimbiaji, hilo swali hatulishindwi.

Tano, jitunze nawe. Meza dawa za presha, lala, na tafuta mtu mmoja unayemwamini uongee naye. Sisi wauguzi tumeapa kutunza siri za wagonjwa.

(Muziki kidogo)

Nataka niwaeleze habari ya mama mwingine, huyu anajulikana kwa jina, naye ni wa huko huko California. Aliitwa Alice Hoagland. Alimlea mwanawe wa pekee, Mark Bingham, bila mume, akifanya kazi ya kuhudumia abiria katika ndege. Kijana alikua mkubwa wa mwili, akacheza raga katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na baadaye akajiunga na ile timu ya San Francisco Fog. Alikuwa ni mtu wa kuvutiwa na wanaume, na mama yake alijua.

Tarehe 11 Septemba 2001 Mark alikuwa ndani ya ndege iliyotekwa na magaidi. Alimpigia mama yake simu kutoka angani. Alice aliongea naye. Abiria wa ndege ile walijaribu kuwanyang'anya magaidi usukani, na Mark anahesabiwa kuwa mmoja wao. Ndege ilianguka shambani Pennsylvania, abiria na wafanyakazi wote 40 wakafa.

Mwaka uliofuata, 2002, timu nane za raga zilikutana San Francisco kwa mashindano yaliyopewa jina la Mark, Bingham Cup. Yamekuwa yakifanyika kila baada ya miaka miwili katika nchi mbalimbali. Alice aliyahudhuria, akawa kama mama wa wachezaji wale wote, ambao baadhi yao wazazi wao wenyewe walikuwa hawasemi nao. Alifariki mwezi Desemba mwaka wa 2020.

Nilimweleza mama wa kliniki habari hiyo kwa sababu moja tu. Mark alipopiga simu, mama yake aliongea naye.

(Kimya kifupi)

Sasa nije hapa nyumbani. Labda wewe huna mtoto Marekani. Una mtoto wa miaka kumi hapo uani. Una mvulana ambaye hapendi mpira ila anapenda kuruka kamba na dada zake. Una msichana ambaye hataki rinda na anawashinda wavulana mbio. Sisemi atakuwa hivi au vile. Watoto wengi hucheza michezo ya kila aina, na wala haimaanishi chochote. Ninachosema ni kwamba mtoto yeyote ana haki ya kucheza bila kuchekwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 kwa siku, kwa wastani, za kutumia nguvu: kukimbia, kuruka, kucheza mpira, kuendesha baiskeli. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa juma za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Mazoezi husaidia moyo, presha, sukari, mifupa na usingizi. Husaidia pia kupunguza huzuni. Lakini dakika hizo 60 hazipatikani kwa mtoto anayeogopa kiwanja.

Kwa hiyo mama, angalia dalili hizi: mtoto aliyependa kucheza sasa hataki kutoka, anarudi nguo zimechanwa wala hasemi kwa nini, ana maumivu ya tumbo kila siku ya michezo shuleni, analala sana au halali kabisa, anasema afadhali asingezaliwa. Hilo la mwisho usingoje. Keti naye siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na mlete kituo cha afya. Kuna pia simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, nambari 116.

Ongea na mwalimu wa michezo. Mwulize, watoto wanaochekwa wanafanyiwa nini? Na pale mtaani, ukisikia watoto wanamwita mwenzao majina ya aibu, usipite kama hukusikia. Sauti ya mama mmoja inatosha kunyamazisha kiwanja kizima. Mnajua nasema kweli.

Jambo la mwisho kabla sijafunga, na nalisema kwa uangalifu. Sheria yetu ya Kenya bado inakataza vitendo vya kujamiiana kati ya watu wa jinsia moja. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kina kifungo cha hadi miaka 14, na mnamo Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Hata hivyo, mwezi Februari mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu hawa wana haki ya kusajili chama chao. Mimi si wakili, mimi ni muuguzi. Ninalojua ni kwamba hakuna sheria yoyote ya Kenya inayomkataza mama kumpenda mwanawe, wala inayoniruhusu mimi kumfukuza mgonjwa kliniki. Na hakuna sheria inayoruhusu mtu kumpiga jirani yake.

Mama yule alirudi kliniki majuma matatu baadaye. Aliniambia alingoja Jumamosi. Alihesabu saa kwa vidole mpaka akapata kwamba saa tatu asubuhi ya huko ni saa moja jioni ya huku. Alitaka kumpigia kabla hajaanza kukimbia. Simu ikaita mara moja tu. Hakujua aseme nini, basi akasema, "Umekula?" Kijana hakujibu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Bado mama, hatuli kabla ya mbio."

Hawajazungumza kila kitu. Baba yake bado hajaambiwa. Mama bado ana maswali yake, na mengine ni ya Mungu, si yangu. Presha imeshuka kidogo, bado naipima kila mwezi. Lakini sasa kila Jumamosi jioni simu huwekwa mezani kando ya sufuria, na akipigiwa, anajua mwanawe amekimbia kilomita ngapi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

(Muziki wa kufungia kipindi)

Mambo ya kushika

1. Kuvutiwa na jinsia moja si ugonjwa, na hakuna dawa yake.
2. Vilabu kama vile vya San Francisco vilianza ili watu waliokataliwa viwanjani wapate mahali pa kufanya mazoezi kwa amani.
3. Kijana anayekataliwa na familia yumo katika hatari kubwa ya huzuni na kujiua. Kumsikiliza ni kinga.
4. Kila mtoto anahitaji takriban dakika 60 za michezo kila siku, bila kuchekwa.
5. Mtoto akisema hataki kuishi, msaidie siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi cha akina mama

1. Katika mtaa wetu, ni watoto gani hawaonekani kiwanjani? Kwa nini?
2. Mtoto wako akikuambia siri nzito leo jioni, neno lako la kwanza litakuwa lipi?
3. Je, kuna mtu wa familia ambaye umeacha kupokea simu yake?